Flashi Inapona, Mafaili Yanakufa

Katika kata ya Kanoni, wilayani Karagwe, kazi nyingi za kompyuta hupitia kwenye flashi. Mtihani wa nusu muhula, barua ya kuomba kazi, orodha ya wanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa, video ya harusi: vyote huchapwa au kuhaririwa kwa mtu mwenye steshenari, vikawekwa kwenye flashi, na flashi ikaingia mfukoni. Mwenye kazi hana kompyuta nyumbani. Kwa hiyo flashi kwake si chombo cha kubebea faili kutoka hapa hadi pale, ndiyo makazi ya faili lenyewe. Folda ikigoma kufunguka, hana pengine pa kurudi.

Mazungumzo ya siku hiyo huwa mafupi.

"Kaka, folda ya shule haifunguki."

"Lete nione. Ee mwalimu, hii inataka fomati tu."

"Na mafaili je?"

"Hayo yameshaliwa na virusi."

Baada ya muda mfupi flashi inasomeka vizuri, ni tupu, na mwalimu amelipa. Si haki kumwita fundi huyo mjinga au tapeli. Amefanya kazi aliyolipwa, nayo ni kuifanya flashi itumike tena. Kuokoa kilichokuwa ndani ni kazi nyingine, yenye saa nyingi na bila uhakika, na hakuna aliyekubaliana naye bei yake. Ukitaka kuelewa kwa nini mafaili mengi yanapotea huku yangeweza kurudi, anza na mapatano hayo yasiyosemwa, kisha uende kwenye kompyuta.

Folda isiyofunguka inaweza kuwa na ugonjwa mmoja kati ya mitatu isiyohusiana, na dawa ya mmoja ni sumu kwa mwingine.

Wa kwanza ndio unaotisha zaidi kwa macho, na ndio mwepesi kuliko yote. Mafaili yamefichwa tu. Kirusi kimetoka kwenye kompyuta ya steshenari kikaingia kwenye flashi, kikazipa folda zote alama mbili, ya kufichwa na ya mfumo, halafu mahali pake kikaweka njia za mkato zenye majina yale yale. Mtu akibofya anaambiwa hapafunguki, au panafunguka huku kirusi kikijipenyeza kwenye kompyuta nyingine. Hila hii ina historia yake. Zamani virusi vya flashi vilijiendesha vyenyewe mara tu flashi ikichomekwa. Februari 2011 Microsoft ilisambaza sasisho lililoufunga mlango huo kwenye matoleo ya Windows ya wakati ule, na waandishi wa virusi wakabaki na njia moja kuu: kumfanya mwenye flashi abofye kwa mkono wake. Na mtu atabofya nini kama si folda yake mwenyewe?

Kuna namna rahisi ya kuutambua ugonjwa huu. Bofya kulia kwenye alama ya flashi, angalia nafasi iliyotumika. Kama gigabaiti tatu zimetumika na wewe unaona vitu vinne vya kilobaiti mbilimbili, mafaili yako yamo humo humo. Kwenye kidirisha cha amri, mtu huandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* akibadilisha herufi E iwe ile ya flashi yake, na folda zinajitokeza. Ukoo mmoja wa virusi, Andromeda, ambao wengine huuita Gamarue, ulikuwa na ujanja wa ziada. Ulihamishia kila kitu ndani ya folda moja ambayo jina lake ni herufi ya nafasi, isiyoonekana, kiasi kwamba hata baada ya kuifichua mtu anaipita bila kuiona. Mtandao wa Andromeda ulivunjwa Novemba 2017 katika operesheni ya pamoja ya Europol, FBI na wenzao. Flashi zilizokuwa tayari na kirusi hicho ziliendelea kuzunguka mifukoni. Januari 2023 kampuni ya usalama wa mtandao ya Mandiant ilieleza kwamba wajasusi walisajili upya anwani za Andromeda zilizokwisha muda ili kunufaika na maambukizi hayo ya zamani. Mwaka huo huo kampuni hiyo ilieleza pia kuhusu kirusi cha Sogu, kinachosafiri kwa flashi, na Tanzania na Kenya zilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizotajwa. Maambukizi mengine yalianzia kwenye kompyuta za pamoja za vibanda vya kuchapia na vya intaneti. Kompyuta ambayo kila mtu mtaani anachomeka flashi yake ndiyo kitovu, iwe Harare au Omurushaka hapa Karagwe.

Mtu anayefomati flashi yenye ugonjwa huu ametupa mafaili mazima.

Ugonjwa wa pili ndio kiini cha mjadala, maana hapo ndipo ujuzi unapohitajika kweli. Flashi za hadi gigabaiti 32 kwa kawaida hutoka dukani zikiwa na mpangilio wa FAT32, ambao Microsoft iliutoa mwaka 1996. Katika mpangilio huo folda si chombo kinachobeba mafaili ndani yake. Ni orodha. Kila mstari wa orodha una baiti 32: jina la faili, tarehe, ukubwa, na namba ya kipande cha kwanza cha flashi ambako faili linaanzia. Ukitaka kujua kipande cha pili kiko wapi, unakwenda kwenye jedwali jingine, lililoandikwa mara mbili mwanzoni mwa flashi, ambalo kila kipande kinataja kinachokifuata mpaka mwisho wa faili. Ni kama daftari la kijiji linaloonyesha nani anamiliki kiwanja kipi: daftari likiungua moto, viwanja havijaenda popote, kilichopotea ni uwezo wa kujua cha nani ni kipi.

Kompyuta inapohifadhi faili inaandika sehemu tatu kwa nyakati tofauti: yaliyomo, jedwali, na mstari wa folda. Kukiwa na mkatizo katikati, sehemu hizo hazikubaliani. Mkatizo wa kwanza ni mkono wa mtu anayechomoa flashi kwa haraka kwa sababu bodaboda inamsubiri. Wa pili ni umeme. Kwa miaka mingi Kagera ilipata umeme wake kutoka Uganda, nje ya gridi ya taifa, na anayefanya kazi kwa kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba anajua kinachotokea taa zikizimika wakati Excel inahifadhi. Hata pale umeme ulipotulia, flashi ile ile iliyobeba mtihani asubuhi inabeba nyimbo jioni kwenye sabufa, na kila kifaa inachochomekwa kina tabia yake.

Dalili za ugonjwa huu watu wanazifahamu ila huzitafsiri vibaya. Unafungua folda unakuta majina ya ajabu, herufi za Kigiriki, alama za mapenzi na nyota, mafaili yanayodai kuwa na ukubwa wa gigabaiti tatu kila moja, na tarehe za mwaka 2098. Mitaani husemwa kwamba hiyo ni kazi ya virusi. Kwa kawaida sivyo. Sehemu ya flashi iliyokuwa na orodha ya folda sasa ina kitu kingine, labda kipande cha picha, na Windows inazisoma baiti za picha kana kwamba ni majina, ukubwa na tarehe. FAT inaweza kuandika tarehe za kati ya 1980 na 2107 tu, kwa hiyo upuuzi wote huangukia ndani ya miaka hiyo. Mafaili yenyewe hayajaguswa. Orodha ndiyo iliyofunikwa.

Tutazame kwa karibu mstari mmoja. Tuseme folda ilikuwa na faili liitwalo MATOKEO.XLS. Mtu akilifuta, kompyuta haifuti alama hata moja ya mwanafunzi. Inabadilisha baiti ya kwanza ya jina, ile M, iwe na thamani E5, ambayo maana yake ni "mstari huu uko huru", kisha inaachia vipande vyake kwenye jedwali. Ndiyo maana programu ya kuokoa ikifungua flashi hiyo inaonyesha _ATOKEO.XLS, jina lisilo na herufi ya mwanzo. Mtu akiliona jina hilo kwa mara ya kwanza huwa anapumua. Asipumue sana. Windows inapofuta faili kwenye FAT32 hufuta pia nusu ya namba ya kipande cha kwanza. Faili lililokuwa limekaa mwanzoni mwa flashi haliathiriki, kwa kuwa nusu hiyo ilikuwa sifuri tangu awali. Lililokaa mbele zaidi linaweza kurudi na jina lake sahihi na ukubwa wake sahihi, ukilifungua ukakuta ndani yake vipande vya wimbo. Kurudi kwa jina si kurudi kwa faili.

Fomati nayo ni mbili zinazofanana kwa sura. Ile ya haraka huandika jedwali jipya tupu na orodha mpya tupu, basi. Yaliyomo hubaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Fomati kamili, kuanzia Windows Vista, huandika sifuri kila mahali, na baada ya hapo hakuna programu duniani itakayorudisha chochote. Tofauti kati ya hizo mbili ni kiboksi kimoja chenye alama ya tiki kwenye kidirisha cha kufomati. Fundi aliyekiacha na tiki amempa mteja nafasi ya pili bila kukusudia. Aliyeiondoa ili "isafishe vizuri" ameifunga.

Dawa nyingine inayotolewa haraka mno ni chkdsk, programu ya Windows ya kurekebisha diski. Watu huiamini kwa sababu ni ya Microsoft na jina lake linatuliza. Kazi yake lakini ni kuifanya flashi isipingane yenyewe kwa yenyewe, na ikikuta mgongano kati ya orodha na jedwali hukata kisichoeleweka. Vipande visivyo na mwenyewe inavirundika kwenye folda iitwayo FOUND.000 kwa majina kama FILE0000.CHK. Wakati mwingine ndani ya faili la namna hiyo mna hati nzima, na kubadilisha tu kiambishi chake kuwa .doc kunatosha. Wakati mwingine ushahidi wa mwisho wa mpangilio wa zamani umefutwa na rekebisho lenyewe. Kwa maoni yangu chkdsk isiguse flashi halisi kabla nakala yake kamili haijachukuliwa.

Ugonjwa wa tatu hauna mengi ya kusema. Kifaa chenyewe kinakufa. Kumbukumbu ya aina ya NAND, ambayo Fujio Masuoka wa Toshiba aliitambulisha mwaka 1987, huchakaa kwa kuandikwa na kufutwa, na kile kidhibiti kidogo kinachoisimamia kinaweza kuungua. Flashi inapata moto, au kompyuta inaonyesha ukubwa wa sifuri, au inakubali kusomwa tu na kukataa kuandikwa. Hii ya mwisho ni rehema, kopi haraka. Kwa hizo nyingine hakuna programu inayosaidia. Panahitajika maabara inayoweza kusoma chipu moja kwa moja, na hiyo ni safari ya mbali sana kutoka Kanoni na gharama inayozidi thamani ya mafaili mengi. Humu ndani zimo pia flashi za uongo, zilizoandikwa gigabaiti 128 na ndani zina nane. Kidhibiti kimechezewa kidanganye. Kikishajaa kinaandika juu ya vya zamani au kinatupa vipya, na folda inaendelea kuonyesha majina yote na ukubwa wote. Mafaili hayo hayafufuki kwa kuwa hayakuwahi kuandikwa. Programu za bure za H2testw na F3 huijaribu flashi nzima kwa kuijaza na kuisoma tena, na mwenye duka anayejiheshimu angeweza kuijaribu moja kutoka kila boksi kabla ya kuuza.

Sharti la magonjwa yote matatu ni moja: usiandike chochote kwenye flashi. Usiihifadhie programu ya kuokoa, usiokolee mafaili humo humo, usiiendeshe kwenye sabufa ukingoja siku ya kwenda kwa fundi. Kila kilobaiti mpya inaweza kuketi juu ya ile unayoitafuta. Hapa mwenye flashi wa Kanoni ana bahati moja ambayo mwenye kompyuta mpya hana. Diski za kisasa za SSD huarifiwa mara moja na mfumo kwamba vipande fulani vimeachwa, nazo huvisafisha. Flashi nyingi za bei nafuu haziarifiwi hivyo. Ukiiacha flashi droani mwezi mzima, kilichofutwa kinakungoja.

Kabla ya kugusa programu yoyote, hata hivyo, swali la kwanza halihusu flashi. Faili hili limewahi kupita wapi kwingine? Taarifa za wanafunzi wa shule ya msingi zimo kwenye mfumo wa PReM wa NECTA, na shule inaweza kuzipata huko upya. Barua iliyotumwa kwa WhatsApp iko kwenye simu ya aliyetumiwa. Kompyuta ya steshenari nayo ina kumbukumbu zake. Word huweka nakala za dharura kwenye diski ya kompyuta yenyewe, si kwenye flashi, na kama umeme ulikatika katikati ya kazi, nakala hiyo ya .asd ina nafasi nzuri ya kuwa bado ipo. Nenda kwenye kompyuta ile ile uliyochapia, si kwa fundi maarufu zaidi wa mji wa Kayanga. Na kama karatasi iliyochapwa ipo, kuchapa upya mtihani wa kurasa mbili ni kazi ya saa moja, ilhali kuuokoa kunaweza kula siku. Mafundi wengi husahau hesabu hiyo, na wateja pia, kwa sababu kuokoa kunapendeza zaidi kuliko kuchapa.

Yote hayo yakishindikana, kuna programu mbili za Mfaransa Christophe Grenier, TestDisk na PhotoRec, zinazotolewa bure kwa pamoja, na ambazo upakuaji wake ni mdogo kiasi cha kufaa hata kwa bando la simu. Hazina sura ya kuvutia, ni maandishi meupe juu ya weusi, lakini zinagawana kazi vizuri. TestDisk inashughulikia mpangilio. Inaweza kuchukua nakala kamili ya flashi kwenda kwenye diski ya kompyuta, ikarudisha sehemu ya kuwashia kutoka nakala yake ya akiba, na ikakuruhusu kuingia kwenye folda ambazo Windows imezikataa na kukopi mafaili moja moja. Ianzwe hiyo, kwa sababu ikifaulu majina yanarudi na folda zinarudi.

PhotoRec haijali orodha wala jedwali. Inapita kipande kwa kipande ikitafuta alama za mwanzo wa faili: picha ya JPEG huanza na FF D8 FF, hati ya PDF huanza na herufi %PDF, na hati ya .docx, ambayo kwa ndani ni faili la zipu, huanza na herufi PK, vifupisho vya jina la Phil Katz aliyebuni zipu. Matokeo yake ni rundo la mafaili yenye majina ya namba katika folda za recup_dir, mazuri na mabovu pamoja. Hapo ndipo kazi halisi inapoanza, kwani mtu anayejua kilichomo ni mteja, si fundi. Mwalimu akae kwenye kiti, afungue, aseme "hili ni la kidato cha pili, hili si letu". Rundo hilo akiachiwa fundi peke yake hulitupa.

Video ina shida ya pekee, na kwa wapiga picha wa harusi ndiyo inayouma. Faili la MP4 mara nyingi huandika faharasa yake mwishoni, baada ya kurekodi kukoma. Umeme ukikatika au kadi ya kamera ikichomolewa kabla, saa mbili za wazee wakipiga enanga zimo kwenye kadi lakini hakuna kicheza video kitakachojua pa kuanzia. Programu ya untrunc huweza kuijenga upya faharasa hiyo ikipewa video nyingine nzima kutoka kamera ile ile yenye mipangilio ile ile. Mpiga picha asifute kazi zake zote za zamani. Tena faili kubwa likiwa limetawanyika vipande vipande, PhotoRec hushindwa kuviunganisha, na hilo linatokea sana kwenye kadi iliyofutwa na kujazwa mara nyingi. Wanaofomati kadi ndani ya kamera kabla ya kila harusi, baada ya kukopi, wana sababu nzuri kuliko wanavyodhani.

Narudi kwa fundi wa fomati. Programu ni za bure, maarifa yake yanafundishika kwa wiki moja, na kompyuta anayo. Kinachokosekana ni bei. Steshenari za kwetu zina bango la bei za kuchapa, kutoa kopi, laminesheni na picha za pasipoti. Hazina mstari wa kuokoa mafaili. Kungekuwa na mistari miwili, mmoja wa kuiponya flashi na mwingine, mkubwa zaidi, wa kuokoa kilichomo, ulipwe nusu kwa kujaribu na nusu kwa kupata, mteja angelazimika kuchagua kabla kitufe hakijabofywa. Wapo watakaochagua fomati, kwani flashi yenyewe ndiyo wanayoitaka na nyimbo zitajazwa tena. Mwalimu mwenye alama za muhula mzima asingechagua hivyo kama angejua kuna uchaguzi.

Bei hiyo ingeleta pia wajibu. Aliyechukua nakala kamili ya flashi ya mtu ana kila kitu kilichowahi kukaa humo, pamoja na vile ambavyo mwenyewe alivifuta akidhani vimekwisha: vyeti vya kuzaliwa, picha za faragha, namba za NIDA za kikundi kizima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haibagui kati ya benki na kibanda cha steshenari kwa suala la taarifa za watu wengine. Kazi ikiisha, nakala ile na folda zote za recup_dir zifutwe mteja akiwa bado amesimama pale, na kama flashi ya zamani itabaki dukani ili iuzwe kama mtumba, hiyo ndiyo ifanyiwe fomati kamili, bila tiki.